Kura Sitini na Sita za Kituo Namba Tisa

Jimbo lilipofutwa hakuna aliyelia. Ilikuja barua ya ukurasa mmoja yenye muhuri wa tume, ikasema wakazi wamepungua mno, hawafikii idadi inayotakiwa, kwa hiyo pwani yote ile itaunganishwa na jimbo la bara, la watu ambao bahari waliiona kwenye kalenda. Barua ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kati ya tangazo la chanjo ya mbwa na orodha ya waliopoteza vitambulisho. Watu walipita, wakasoma mstari wa kwanza, wakaenda zao.

Aliyeachiwa mzigo ni Bi Karani. Ndivyo alivyoitwa na mji mzima, hadi mumewe. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti yanayolalamika kila ngazi, na mwezi mmoja tu kabla ya kustaafu. Alishajipangia mambo yake: siku ya mwisho atakunywa chai ofisini, atakabidhi funguo, ataenda nyumbani kulala mchana kweupe, simu imezimwa. Badala yake, Jumatatu asubuhi akatua Ofisa kutoka makao makuu, shati limenyooka, viatu havijaonja vumbi, akamwekea karatasi mezani.

"Mama, tunahitaji historia ya uchaguzi ya jimbo hili kabla halijafungwa. Kurasa mbili tu. Jedwali la washindi na kura zao, na kivuli cha fomu za vituo za kila mwaka. Ijumaa naondoka nayo."

"Miaka arobaini na mitano," Bi Karani akasema. "Kwa siku nne."

"Kurasa mbili tu, mama."

Kurasa mbili! Watu wanapanga foleni juani mara kumi, wanagombana, wanaachana, wanazeeka, halafu kurasa mbili. Bi Karani hakuyasema hayo. Hata kubishana kulishamchosha. Akachukua funguo, akaenda stoo.

Stoo ilikuwa nyuma ya ofisi ya maji, chumba cha bati chenye joto la kufa mtu, maboksi yamepangwa hadi juu, mengine yamelowa, mengine panya wameshayafanyia mkutano. Akavuta kiti kibovu, akaanza na mwaka wa kwanza, maana lazima mtu aanzie mahali.

Uchaguzi wa kwanza alishinda Bwana Koti, aliyevaa koti zito la sufu katika jua lile lile linalopasua kichwa. Alisimama peke yake, hana mpinzani, karatasi ya kura ina upande wa ndiyo na upande wa hapana. Akapata asilimia tisini na nne. Mwingine angecheza ngoma. Yeye aliudhika, akamaliza miaka mitano akizunguka kuwasaka wale asilimia sita. Uchaguzi wa pili akapata mpinzani, fundi cherehani yule yule aliyemshonea koti. Akamshinda, ndipo roho ikatulia.

Wa tatu Bi Karani akauruka kwanza. Wa nne na wa tano ulikuwa wa Bwana Daraja, aliyeahidi daraja la kuvuka mkono wa bahari kwenda kijiji cha chumvi. Aliliahidi vizuri sana, lazima mtu aseme kweli. Alikuwa na mchoro wake, na ndani ya mchoro watu wadogo wanatembea juu ya daraja wakiwa na miavuli. Uchaguzi wa sita alifariki kampeni zikiendelea, jina limeshachapwa, akapata kura mia mbili na kumi na mbili akiwa kaburini. Wa saba akaingia mkwewe, na mchoro ule ule. Wa nane zililetwa karatasi za jimbo jingine, zenye wagombea wasiojulikana pale. Watu wakapanga foleni, wakapiga, wakarudi makwao, hadi adhuhuri ndipo mzee mmoja akauliza huyu mama mwenye miwani ni nani. Ukarudiwa. Wa tisa na wa kumi akashinda mtu anayeishi mji mkuu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ana kwa ana. Walimjua kwa bango la njia panda, basi wakamwita Bwana Bango, wakaona yameisha.

Lakini washindi hawakumsumbua Bi Karani. Kilichomkata maini ni safu ya mwisho ya jedwali, safu ya waliojitokeza. Kila mwaka inashuka. Kituo namba tisa, kile cha kijiji cha chumvi, enzi hizo kilitoa watu mia nne. Kisha mia tatu, mia na themanini, mia na kumi. Miezi michache iliyopita, hamsini na nane. Tangu uchaguzi wa tatu namba zile zote aliziandika yeye, kwa mkono wake mwenyewe, na kila mara aliuliza kulikoni, akaambiwa mvua, akaambiwa kivuko, akaambiwa watu wana kazi.

Sasa, uchaguzi wa tatu. Huo haukuhitaji boksi. Mji mzima uliujua kama unavyojua njia ya sokoni.

Mwaka ule Bwana Daraja, ndiyo kwanza anaingia ulingoni, alipambana na Mwalimu. Mwalimu alifundisha hesabu katika shule ya mjini, lakini alizaliwa kijiji cha chumvi, na wote waliopita mikononi mwake, Bi Karani akiwemo, walikuwa bado wanaweza kukokotoa eneo la duara wakiwa usingizini. Alikuwa na akili, alikuwa na ulimi, na alikuwa na watu. Ilijulikana atapita. Akashindwa kwa kura arobaini na moja.

Kura arobaini na moja si kitu. Kinachouma ni pale zilipopotelea. Vituo vingine vinane vyote kwa pamoja vilikuwa na kura kumi na tisa zilizoharibika. Kituo namba tisa peke yake, kijijini kwao Mwalimu, kilikuwa na sitini na sita. Watu mia nne waliingia. Mia tatu na ishirini na tatu walimpa Mwalimu, kumi na mmoja walimpa Bwana Daraja, na sitini na sita, ikasemwa, walichora ovyo makusudi. Habari haikuhitaji miguu. Siku tatu kabla ya kura Mwalimu na kaka yake mkubwa walikuwa wamegombana mbele za watu, kisa majaruba ya chumvi aliyoyaacha baba yao: Mwalimu anataka yauzwe, kaka mtu hataki. Basi mji ukajumlisha wenyewe. Kaka mtu ndiye aliyewaambia watu waharibu kura.

Asubuhi yake Mwalimu akavuka maji, akasimama mlangoni kwa kaka yake, watu wanatazama, akasema, "Umeniuza." Kaka mtu akamwangalia. Hakukana, hakutukana, hakusema kitu. Na mtu akituhumiwa jambo zito vile akanyamaza, watu wanaelewa nini? Mwalimu akageuka, akarudi mjini, na huo ukawa mwisho.

Aliacha kufundisha. Akafungua duka la madaftari na kalamu karibu na stendi, akawa anaishi chumba cha nyuma. Hakupiga kura tena. Siku za uchaguzi alifunga mlango. Akija mtu wa kijiji cha chumvi kununua daftari, humwambia, "Nyinyi mna sitini na sita zenu. Kanunueni kwingine." Alipofariki mama yao alivuka, akasimama nyuma kabisa, akatia udongo wake, akaondoka bila kumpa kaka yake mkono. Miaka thelathini na mitano. Na kule kijijini nako, Bi Karani alikuja kusikia baadaye, watu walitazamana kwa jicho la pembeni: ni nani kati yetu? Jirani anamshuku jirani, shemeji anamshuku shemeji. Sitini na sita si watu wa kukosa kuonekana.

Bi Karani akavuta boksi la mwaka ule. Ofisa alitaka kivuli cha kila kituo, na cha kituo namba tisa alijua hakipo. Fomu yake ya matokeo, iliyoandikwa kwa wino, ilidondoka majini mtumbwi ulipokuwa unavuka, ikafika ofisini buluu tupu. Kilichosomeka ni karatasi ya kuhesabia tu, kwa kuwa ilikuwa ya penseli: vijiti, vijiti, vijiti, vimefungwa mafungu kwa mstari wa kukatisha, vilivyochorwa na msimamizi wa kituo. Bi Karani ndiye aliyevijumlisha. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ana miezi miwili kazini. Bosi wake amesimama nyuma ya kiti, watu wa redio wako kwenye simu, jasho linamchuruzika mgongoni. Mafungu sitini na manne ya Mwalimu na vijiti vitatu. Mara tano. Mia tatu na ishirini na tatu. Mafungu mawili na kijiti kimoja cha Bwana Daraja. Kumi na moja. Akasema, "Mzee, haikai sawa. Daftari lina watu mia nne." Bosi akasema, "Inayobaki weka kwenye zilizoharibika." Akaweka.

Karatasi ilikuwa bado ipo, imekunjwa mara nne, imepauka. Akaikunjua kwenye goti. Akavaa miwani mipya, ile ya kusomea aliyopewa mwezi uliopita, na bila sababu yoyote, kwa mazoea tu ya mkono, akaanza kugusa vijiti kwa ncha ya kalamu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, na wa kukatisha.

Akarudia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, na wa kukatisha.

Fungu la pili lilikuwa hivyo hivyo. La tatu. La kumi. Vijiti vilibanana, penseli ilikuwa butu, mtu mwenye haraka angeona vinne na mkato. Havikuwa vinne. Kila fungu lilikuwa na sita.

Akaweka kalamu chini. Maana alijua ni kwa nini. Mwaka wake wa pili wa kazi alihamishiwa ushuru wa chumvi, akakaa miezi kule ng'ambo akiandika magunia, akawaona wanavyohesabu: mkokoteni mmoja hubeba magunia sita, basi vijiti vitano na cha sita cha kukatisha, mkokoteni umekwenda. Hivyo ndivyo walivyohesabu kila kitu, magunia, ndoo, siku za kazi. Na msimamizi wa kituo namba tisa alikuwa nani? Mnyapara wa chumvi. Amehesabu kura kama anavyohesabu siku zote, akafunga sanduku upesi kwa sababu maji yanatoka na mtumbwi utakwama, akaliacha liende. Kesho yake alfajiri akahamia mashamba ya mbali bila kusikia matokeo, akafia huko.

Bi Karani alilijua fungu la vijiti sita kwa miaka thelathini na minne. Kura za Mwalimu alizijua kwa thelathini na mitano. Hakuwahi hata siku moja kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Sitini na nne mara sita, mia tatu na themanini na nne, na vitatu: mia tatu na themanini na saba. Mbili mara sita na kimoja: kumi na tatu. Jumla mia nne kamili. Hakuna kura hata moja iliyoharibika. Kijiji hakikumsaliti mtu. Na Mwalimu alishinda uchaguzi, kwa kura ishirini na moja.

Alikaa pale stoo hadi miguu ikafa ganzi. Hakulia. Alijisikia mchafu, hicho ndicho alichojisikia, kama mtu aliyegundua amekuwa akitembea mjini na doa mgongoni na watu wamemstahi tu.

Ofisa alimsikiliza vizuri, kiungwana, akagongagonga kalamu.

"Mama, mshindi alitangazwa?"

"Alitangazwa."

"Akaapishwa, akatumikia, akafariki. Kura zenyewe zilichomwa kwa mujibu wa sheria. Sasa unataka nimpeleke nani mahakamani, marehemu?"

"Sitaki mahakama. Nataka jedwali liwe la kweli."

"Jedwali ni la matokeo yaliyotangazwa." Akamtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomkera zaidi. "Umebakiza mwezi mmoja. Barua yako ya utumishi uliotukuka nimeshaiona, imeandikwa vizuri. Usijitie doa mwenyewe."

Hakuwa mtu mbaya, Ofisa. Alikuwa na majimbo mengine matatu ya kufunga na gari moja. Bi Karani akarudi mezani kwake, akaandika mstari wa uchaguzi wa tatu kama ulivyotangazwa, namba kwa namba. Kisha kwenye safu ya maelezo, ambayo miaka yote huachwa tupu, akaandika: "Mafungu ya kituo namba tisa ni ya sita. Yalijumlishwa kama ya tano. Hakukuwa na kura zilizoharibika. Aliyekosea kujumlisha ni mimi." Akatia saini na tarehe. Ofisa akiifuta, shauri yake. Akatoa kivuli cha ile karatasi kwa ajili ya faili, na yenyewe akaitia kwenye mkoba.

Lakini jedwali halikuwa tatizo, na alilijua hilo wakati anaandika. Makao makuu kuna makabati yaliyojaa majedwali. Tatizo lilikuwa mzee mmoja karibu na stendi, mwenye miaka sabini na saba, na mwingine ng'ambo ya maji mwenye themanini na miwili, ambaye msimu ule, watu walisema, kifua kilikuwa kinambana. Ikiwa mmoja atatangulia kabla hajaambiwa, basi ile jumla haitasahihishwa tena na mtu yeyote. Akatamani mno kuwa yule mtu mwingine, yule aliyelala mchana na simu imezimwa.

Alhamisi saa saba mchana akaenda dukani. Mwalimu alikuwa anapanga rula kwenye kopo, ndefu nyuma, fupi mbele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnatuzika."

"Jimbo tu, Mwalimu. Sisi bado." Akavuta stuli, akaketi bila kukaribishwa, maana angebaki amesimama angekimbia. "Nina jambo. Ukinifukuza nitakuelewa."

Akamweleza. Hakupamba wala hakujitetea. Hakumtaja bosi wala watu wa redio. Alipomaliza akaiweka ile karatasi juu ya kaunta. Mwalimu akavaa miwani, akachomoa penseli mpya kwenye boksi, akaanza kuhesabu. Alihesabu fungu kwa fungu, yote sitini na manne, na Bi Karani akasubiri kama alivyosubiri zamani mbele ya meza yake akisahihishiwa. Mteja akaja kuulizia kalamu nyekundu. Mwalimu akamwonyesha kiganja, asubiri. Mteja akachoka, akaondoka.

"Mia tatu themanini na saba," Mwalimu akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mtihani wangu wa mwisho ulipata ngapi?"

"Themanini na nane."

"Nilikupa nyingi."

Bi Karani akainamisha kichwa. Alitegemea matusi, angeyapokea kwa mikono miwili. Akategemea aulizie ubunge, ile miaka, yale maisha ambayo yangekuwa. Mwalimu hakuuliza hata kimoja. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena.

"Kwa hiyo nilikuwa na watu," akasema.

"Ulikuwa na watu."

"Na mimi nikawanyima madaftari. Watoto wao. Mtoto anatembea na shilingi yake mkononi, namwambia kanunue kwingine." Akairudisha penseli kwenye boksi. "Niondokee kidogo, mwanangu. Nina hasira na wewe, na sina nguvu ya kuwa nazo."

Akachukua karatasi, akatoka, akasimama nje kwenye kivuli cha ukuta, hajui aende au abaki. Haikupita robo saa akasikia kufuli. Mwalimu amefunga duka. Amevaa shati jingine, lile la mikono mirefu.

"Hiyo karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Haya, twende. Utaisoma wewe. Mimi nikisoma watasema ninajitetea."

Walivuka kwa mtumbwi wa kuvushia watu. Kijiji cha chumvi kilikuwa cheupe, kinaumiza macho, majaruba yamepangwa hadi kwenye mikoko, nusu yake yamekauka hayana mtu. Watu wachache waliokuwepo wakasimama na majembe yao wakatazama. Hawakusalimia, hawakuzuia. Mama mmoja akamwambia mwenzake, si kwa kunong'ona, "Amekuja kufanya nini huyu, uchaguzi si umeshapita?"

Kaka mtu alikuwa ameketi kwenye banda la kuhifadhia chumvi, anashona midomo ya magunia kwa shazia. Alikuwa amekonda, pumzi inasikika kabla hujamfikia. Alimwona mdogo wake tangu mbali na hakuacha kushona.

"Shikamoo, kaka."

Mzee wa miaka sabini na saba akitoa shikamoo kama mtoto wa shule. Shazia likasimama.

"Marahaba."

Bi Karani akapiga magoti, yale magoti yake, akasoma. Alieleza mafungu, akaeleza tano na sita, akasema kosa ni lake peke yake, si la kijiji wala la mtu yeyote wa pale. Waliokuwa wamekuja karibu wakasikia. Yule mama aliyeulizia uchaguzi akaweka jembe chini polepole, akakaa juu yake. "Mama yangu amekufa akimshuku dada yake," akasema, na hakumwambia mtu yeyote hasa.

Kaka mtu akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaigeuza, akairudisha. Macho yake hayakuwa ya kusoma tena.

"Siku ile karatasi ilikwambia nimekuuza," akamwambia mdogo wake, "ukaja mbio. Leo karatasi imekwambia hukuuzwa, umekuja tena. Mimi uliniuliza lini?"

Mwalimu akapiga hatua moja, akasimama mbele yake.

"Nakuuliza sasa, kaka."

Mzee akavuta pumzi, ikakwama njiani, akakohoa, akasubiri ipite. Akawatazama watu waliosimama, kama anayefikiri awaondoe, kisha akaacha.

"Huyu mama amesema yule mwingine alipata kumi na tatu. Kumi na wawili siwajui. Mmoja ni mimi."

Bi Karani akajikuta ameshika nguzo ya banda.

"Ungeshinda ungehamia mji mkuu," kaka mtu akaendelea, "na wanaokwenda kule hawarudi, wanatuma salamu. Baba hayupo, mama anazeeka, wewe unataka kuuza majaruba. Nikasema, huyu atapita tu, watu wote wako naye, kura moja haitamwangusha. Lakini mimi mkono wangu usiwe ndio uliomfungulia mlango. Nilitaka ubaki nyumbani. Basi. Kesho yake unasimama pale, unasema nimekuuza, na kila mtu anatazama. Ningekujibu nini? Nilidhani umeniona."

Mwalimu alikaa chini juu ya gunia, akakaa vibaya, mkono mmoja unatafuta pa kushika.

"Nilibaki, kaka," akasema. "Miaka yote hii nilibaki. Hapo ng'ambo, dakika ishirini kwa mtumbwi."

"Najua," kaka mtu akasema. "Bati la duka lako linaonekana kutoka hapa. Kila asubuhi nilikuwa naangalia kama umefungua."